Jibu la Chini ya Barafu

Bomang'ombe, Hai
18 Januari 2025

Mwanangu Eunike,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi baba yako mdogo Yoramu nipo, mzima kwa kiasi cha mtu wa miaka sitini na nne aliyeinama juu ya mota maisha yake yote. Krismasi imepita. Watu walipanda Machame kutoka Dar na Arusha kama kawaida yao, mbuzi wakaisha, na tarehe mbili wakashuka wote wakatuachia maganda ya ndizi. Nafasi yako mezani ilikuwepo. Hakuna aliyeikalia.

Mama yako Elifuraha ni mzima ila mguu wa kushoto unamsumbua asubuhi. Ng'ombe amezaa dume, kwa hiyo hakuna aliyefurahi. Juzi mama yako alimnyang'anya Beatrice kopo mkononi, huyu Beatrice mke wa Calvin wangu, kisa alilihamisha kutoka dirishani jikoni akifuta vumbi. Kopo kuukuu la maziwa, limefungwa kitambaa. Nadhani ana mbegu za maharage humo. Alikuwa amewiva uso kama tumemwibia ng'ombe.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kiswaswadu changu kimeharibika spika, na hata kingekuwa kizima, simu inamaliza maneno kabla mtu hajafika kwenye jambo lake.

Jambo lenyewe ni hili. Unamaliza masomo lini, na ukimaliza unarudi? Halafu nieleze tena kazi yako. Kanisani wakiniuliza nasema unapima umeme wa ndani ya sayari, wanatikisa kichwa kwa huruma.

Baba yako mdogo,
Yoramu


Leipzig
20 Februari 2025

Baba Mdogo, shikamoo.

Barua yako imefika jana, ina alama ya kidole chenye vanishi. Niliinusa kabla sijaifungua. Mimi ni mzima, nimechoka tu. Huku jua linachungulia saa nne asubuhi, likiona hali yenyewe linaondoka. Mpe pole Mama kwa mguu, kama salamu zangu anazipokea.

Kazi yangu unaijua kuliko unavyodhani. Kuna sayari kubwa, Mshtarii, yenye sumaku kali iliyokaa upande. Inapozunguka, sumaku hiyo inayumba. Pembeni yake kuna mwezi uliofunikwa barafu, na kwenye mwezi huo sumaku inapanda na kushuka kila baada ya saa kumi na moja hivi. Sasa, sumaku ikiyumba karibu na kitu kinachopitisha umeme, ndani ya kitu hicho unazaliwa umeme, na umeme huo unatoa sumaku yake ndogo ya kubishana na ile ya kwanza. Wewe ndiye uliyenifundisha hilo kwenye karakana yako nikiwa darasa la tano. Chini ya ile barafu inaaminika kuna bahari ya chumvi. Hakuna aliyeiona. Tunasoma jibu lake tu kutoka nje: lina nguvu kiasi gani, na limechelewa kiasi gani. Kuchelewa kwenyewe ndiko kunakotuambia bahari ina kina gani na chumvi kiasi gani. Mimi naunda hesabu kwenye kompyuta za kubahatisha kilichomo ndani mpaka jibu langu lifanane na lile lililopimwa. Mwaka wa tatu huu halifanani.

Namaliza Desemba. Nimepewa nafasi ya kazi Kanada, miaka minne, na ninatakiwa kujibu kabla ya tarehe thelathini Novemba. Naweza pia kurudi nyumbani kufundisha. Baba Mdogo, nikuambie ukweli. Siwezi kupanda Machame nikakuta Mama amenigeuzia mgongo. Mwaka wa tatu huu tangu mlipomzika baba, Ijumaa ile, bila hata kunipigia simu. Jumamosi nilitoka kule msituni tunakopimia vyombo vya sumaku, nikawasha simu, nikakuta picha za jeneza kwenye kundi la ukoo. Nilipompigia Mama alisema, "Baba yako tumeshamzika," akakata, na mpaka leo hapokei. Mwenye haki ya kukasirika ni mimi, lakini anayebembeleza ni mimi pia.

Ananiulizia? Nijibu hilo tu.

Eunike


Bomang'ombe
29 Machi 2025

Mwanangu Eunike,

Marahaba. Masika yameanza. Matope yamefika mlangoni mwa karakana na watu wanaleta pampu zilizoingia maji. Mama yako yupo, mfongo, ule mfereji wa shambani, umejaa, migomba imenywa mpaka imelala.

Maelezo yako nimeyaelewa. Ni kazi yangu hiyo hiyo, ila wewe mota yako iko mbali na hailetwi kwenye toroli. Juzi nimeletewa mota ya mashine ya kusaga ya kule Kwa Sadala. Sikuifungua nyaya. Niliweka ile sumaku yangu ya kupimia, nikapitisha kipande cha msumeno wa chuma juu taratibu, na pale palipoungua msumeno ukaanza kutetemeka vidoleni. Kabla ya kukata waya hata mmoja nilishajua ugonjwa uko tundu la ngapi. Waambie hao wazungu wako.

Kuhusu mama yako, sijasikia akikutaja. Kuhusu mazishi, tuyaache kwanza. Yale yalikuwa mambo ya siku nne, watu wengi, na mimi ndiye niliyekuwa nashika kila kitu baada ya kaka yangu kuondoka. Umri wangu huu siyo wa kurudia yale.

Kanada ni mbali kuliko hapo ulipo au ni karibu?

Yoramu


Leipzig
5 Mei 2025

Baba Mdogo, shikamoo.

Kanada ni mbali zaidi.

Miti imechanua huku na kila mtu anapiga chafya. Nimeshinda wiki sita na hesabu zangu. Nikiweka bahari nene, jibu linakuwa kali mno. Nikiipunguza chumvi, linachelewa kupita kiasi. Profesa ananiangalia kama unavyomwangalia mteja aliyejaribu kutengeneza mota mwenyewe.

Nje ya mlango wake kuna isale kwenye chungu. Isale kabisa, Baba Mdogo, lile la kwetu la mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Huku wanaliuza kwenye maduka ya samani, wanalipamba ofisini, na watu wanalimwagia mabaki ya kahawa. Mara ya kwanza kuliona nilisimama pale kama mtu aliyekutana na mjomba wake stendi. Nilitaka kukata jani, nifunge fundo, nikutumie umpelekee Mama, maana anayeombwa msamaha kwa isale hawezi kukataa. Kisha nikajiuliza naomba msamaha wa kosa gani, nikaliacha.

Kitu kimoja kuhusu ile bahari. Sumaku inayoyumba haraka haifiki mbali, inaishia juu juu. Inayoyumba polepole ndiyo inayozama mpaka chini. Kwa hiyo nami nimeamua kuuliza polepole. Sikuulizi tena kama ananitaja. Niambie tu sauti yake ikoje sasa. Bado anaimba alto? Bado anaongea na ng'ombe akikamua?

Eunike


Bomang'ombe
21 Juni 2025

Mwanangu Eunike,

Nisamehe kuchelewa. Baridi imeshika, ukungu haujatoka mlimani wiki ya pili hii, na mifupa inanidai.

Mama yako amekonda mikono. Bado anabeba majani ya ng'ombe mwenyewe, hataki kusaidiwa. Jumapili anavaa kile kitenge cha bluu. Anakaa benchi lile lile upande wa kwaya. Amepoteza jino la mbele, kwa hiyo akicheka anaziba mdomo, ila hacheki sana. Basi, ndiyo habari yake.

Kuhusu hesabu zako, nimezifikiria nikiwa nasubiri vanishi ikauke. Nikupe kosa moja la mafundi. Mota yenye brashi za mkaa inapotumika sana, vumbi la brashi linaganda juu ya koili. Vumbi hilo linapitisha umeme kidogo. Fundi asiyejua anapima, anapata jibu la ajabu, anasema koili imekufa, anaing'oa yote. Kumbe koili nzima. Alichopima ni uchafu wa juu. Kabla hujailaumu bahari, angalia kama hakuna tabaka jembamba huko juu ya barafu linalokujibu kwa niaba yake.

Yoramu


Leipzig
24 Julai 2025

Baba Mdogo, shikamoo.

Natumaini ukungu umetoka. Hapa kuna joto la kuudhi.

Lipo. Juu ya barafu kuna hewa nyembamba sana yenye chembe za umeme, nyembamba mpaka nilikuwa nimeipuuza ili hesabu ziwe rahisi. Nimeiweka. Jibu langu limekaa karibu sana na lile lililopimwa, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu. Profesa aliinuka, akaenda kunywa maji. Nimeandika jina lako kwenye ukurasa wa shukrani, Yoramu, fundi mota, Bomang'ombe.

Nilipaswa kufurahi. Nilikwenda nyumbani nikazitoa barua zako zote nikazipanga kitandani.

Baba Mdogo, barua tatu na hakuna kitu kinacholia ndani yake. Mvua inanyesha kwako bila mshindo. Mama anakasirika uso tu. Nimekuuliza sauti yake, umenijibu mikono, kitenge na jino. Nikiwa mtoto ulikuwa unapitisha ule msumeno ukiniambia, "Sikiliza, mota inanguruma pale ilipoumia." Sasa unaniandikia kwamba msumeno unatetemeka vidoleni. Na simu ya spika mbovu miezi sita, kwa mtu anayetengeneza mota za watu?

Husikii, Baba Mdogo. Tangu lini?

Na hili la pili nakuuliza polepole kabisa. Wiki ile ya msiba, ni nani aliyepewa kazi ya kunipigia simu?

Eunike


Leipzig
20 Septemba 2025

Baba Mdogo, shikamoo.

Natumaini hamjambo nyote, na kwamba ndama amekua. Sijapata jibu lako. Barua yangu ya Julai ilikuwa kali, lakini sikuiandika kukuumiza. Nimechoka kubahatisha. Nimebakiza miezi miwili na siku kumi kuwajibu watu wa Kanada.

Eunike


Bomang'ombe
4 Oktoba 2025

Mwanangu Eunike,

Nyumbani wote wazima. Ndama ameuzwa. Hiyo ndiyo salamu, maana leo sina nguvu ya kuzunguka.

Nimeanza barua hii mara tano. Ni kweli, sisikii. Sikio la kushoto lilikwenda mwaka 2020, la kulia likafuata. Sikumwambia mtu. Fundi mota asiyesikia ni nani atamletea mota? Nilijifunza kuangalia midomo, kushika vitu, kucheka wenzangu wakicheka. Calvin anadhani nina dharau.

Kaka yangu alipofariki Jumanne, wazee walikaa sebuleni kwa baba yako, wakasema Yoramu, wewe ndiye baba yake sasa, mpigie mtoto. Mama yako alikuwa amekaa pale kwenye kochi dogo. Wote wananiangalia. Nikabonyeza namba yako, nikaweka simu sikioni. Sikusikia chochote, wala kama inaita, wala kama umepokea. Nikahesabu kimoyomoyo kiasi cha kupokea, nikasema, "Eunike, baba yako ametutoka, tunazika Ijumaa, uje." Nikanyamaza kiasi cha mtu kujibu. Nikasema, "Haya mwanangu." Nikashusha simu.

Mzee mmoja akaniuliza. Niliuona mdomo wake: amesemaje?

Eunike, nilikuwa na nafasi ya kusema sikusikia. Maneno mawili tu. Watu ishirini wananiangalia, kaka yangu yuko mochwari, na mimi ndiye mkubwa sasa. Nikasema, "Amesema hawezi kuja, ana mtihani." Mama yako aliinamisha kichwa. Nilidhani utapiga mwenyewe, nilidhani kesho nitamtumia Beatrice akuandikie. Kesho kulikuwa na turubai, na kaburi, na pombe ya mbege ya watu. Jumamosi nilipojua kwa ujumbe wako kwamba simu yako ilikuwa imezimwa, kila mtu alikuwa ameshameza neno langu. Miaka mitatu mama yako anaamini uliambiwa ukakataa. Miaka mitatu wewe unaamini hatukukuita. Katikati pale niko mimi, na kila mwaka nilisema nitasema, na kila mwaka likawa zito zaidi.

Humu ndani kuna jani la isale. Nimelikata mwenyewe mpakani kwa baba yako na kulifunga fundo. Mkubwa hampelekei mtoto isale, najua. Nimekutumia.

Mama yako sijamwambia. Namwogopa.

Yoramu


Leipzig
1 Novemba 2025

Baba Mdogo, shikamoo.

Jani limefika limekuwa la kahawia, fundo halijafunguka.

Nilikasirika. Sikukuandikia kwa siku tatu ili nisikuandikie matusi. Simu yangu ilikuwa kwenye sanduku getini wiki ile nzima. Pale tunapima sumaku ndogo sana, nyumba yenyewe imejengwa bila msumari wa chuma, huingii na simu wala mkanda. Uliongea na sanduku, Baba Mdogo. Nimelifikiria hilo jambo mpaka nikacheka peke yangu ofisini, kisha nikalia, na mwenzangu Mjerumani akaniletea chai.

Nimelia zaidi kwa ajili ya Mama. Kusikia kwamba mwanao wa pekee amesema ana mtihani. Na bado alikaa miaka mitatu hakuniandikia hata neno la kunilaani.

Isale halikataliwi, nawe unajua, ndiyo maana ulilituma. Basi nimelipokea. Sina nguvu ya kukuchukia, na wewe ndiye uliyeniweka kwenye kiti cha karakana ukanipa koili ya kwanza mkononi. Lakini halitoshi hili langu. Kata jingine bichi, umpelekee Mama kwa mkono wako. Usimtume Calvin, usimtume mchungaji. Na mwambie pia kwamba husikii, wasije wakaendelea kukuita mwenye dharau.

Sitawajibu Kanada mpaka nijue amesema nini. Ikifika tarehe thelathini sijui, nitawaambia ndiyo, kwa sababu mtu lazima aishi mahali.

Eunike


Machame
22 Novemba 2025

Mwanangu Eunike,

Marahaba. Barua hii Beatrice ataipiga picha akutumie leo hii, ya karatasi itafuata kwa mwendo wake. Naandikia jikoni kwa mama yako. Vuli imechelewa lakini imekuja.

Jumanne nilipanda na isale. Nilimkuta anamenya ndizi za mtori. Nilisimama mlangoni, sikukaa. Nilimwambia yote, kuanzia sikio la kushoto. Sijui sauti yangu ilikuwa kubwa au ndogo. Nilipomaliza nilimpa jani. Alilipokea, kwa kuwa ni lazima alipokee, akaliweka juu ya meza karibu na maganda, akaendelea kumenya. Ndizi zikaisha. Akaingia chumbani akafunga mlango.

Jumatano hakutoka kukata majani, tulimlishia ng'ombe sisi. Alhamisi alitoka, akanipita uani kama mti. Ijumaa hivyo hivyo. Kila jioni nilishuka Bomang'ombe nikakaa karakana nimeshika msumeno, sina mota ya kupima. Nikakumbuka maneno yako kuhusu jibu linalotoka chini kabisa, kwamba linachelewa. Nilijipa moyo kwa hilo, ingawa moyo wenyewe ulikuwa mdogo.

Leo asubuhi nilipopanda tena, aliniita kwa mkono. Nikaingia jikoni. Alikuwa amenipa mgongo anachochea moto, na mabega yake yanatikisika, nikajua anasema kitu kirefu, na sikupata hata neno. Eunike, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu, nilisema, "Shemeji, sisikii. Geuka." Akageuka. Alikuwa analia. Akaanza tena tangu mwanzo, midomo polepole, nami nikayapata mengi. Yanayonihusu mimi nitabaki nayo, niliyastahili. Nilipomuuliza nikuandikie nini wewe, alinichukulia kalamu mkononi. Amesema safari hii hataki mtu wa katikati. Basi mimi naishia hapa, namwachia karatasi.

Yoramu

Eunike,

Siku ile kila mtu alitupa udongo wake kaburini. Wa kwako niliushika mkononi nikarudi nao nyumbani, nikasema hata kama amekataa, ni wake. Uko kwenye kopo, dirishani jikoni. Umekauka sana.

Njoo uutupe mwenyewe.

Mama yako